Paka Aliyekanyaga Rangi

Mtaani walimwita Baruti, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Alikuwa mchoraji wa mabango, mrefu, mwembamba, vidole vyake havikukosa rangi hata siku ya mapumziko, na hasira zake zilikaa karibu kama kiberiti mfukoni. Ukimhimiza kazi, anafoka. Ukimwambia herufi imepinda na haijapinda, anafoka mara mbili. Wateja walizoea kusimama hatua kadhaa nyuma wakati wa kuongea naye, kama watu wanaokaanga kitu kwenye mafuta yanayoruka.

Mtu mmoja tu duniani hakumwogopa, naye ni binti yake wa darasa la pili. Huyo walimwita Kasuku, kwa sababu tangu alipofungua mdomo hakuufunga tena. Baruti akinguruma, "Nani kagusa brashi yangu?" Kasuku naye ananguruma vilevile, uso kaukunja, mikono kiunoni: "Nani kagusa brashi yangu?" Hapo baba mtu nguvu zinamwisha, anacheka mpaka anatafuta pa kukaa. Mama yake Kasuku, fundi cherehani aliyefanyia kazi chumba cha mbele, alikuwa akisema nyumba ile haina haja ya redio.

Hadithi aliyoipenda Kasuku kuliko zote ilikuwa ya paka. Ilitokea kweli. Baruti alikuwa amelaza uani bango jipya la duka la dawa ili likauke, herufi za kijani juu ya nyeupe, kazi safi. Paka wa jirani akatumbukiza miguu kwenye kopo la rangi nyekundu, akakatiza juu ya bango kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, taratibu, kama mkaguzi. Baruti akamtimua, kandambili mkononi. Paka akakimbilia ndani, akapita juu ya kitambaa cheupe cha mteja wa mama, akatokea dirishani. Mwenye duka alipofuata bango lake alizitazama nyayo zile, akakuna kidevu, akasema zisifutwe, watu watasimama kuangalia. Na mwenye kitambaa alisifia maua mekundu.

Kila Kasuku aliposimulia, paka alinenepa kidogo na baba yake aliongeza mbio. Mara ya mwisho kandambili ilikuwa imeshatua kwenye kichwa cha jirani, jambo ambalo halikutokea kabisa.

"Hapo umetia chumvi," Baruti alisema.

"Kidogo tu, Baba. Ili inoge."

Basi serikali ilipotangaza Mpango wa Mtoto Aongee, Baruti alikuwa wa kwanza kuushangilia. Taarifa ya habari ilisema watoto wanamaliza shule hawawezi kusimama mbele ya watu wakaeleza jambo. Wanajua kuandika jibu, lakini ukiwauliza njia ya kwenda kwao wanaangalia viatu. Sasa kila shule itatenga kipindi kila asubuhi, na kila mtoto kwa zamu yake atasimulia jambo lililomtokea yeye mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe, bila kukatizwa. Mpango wenyewe, tuseme haki, ulikuwa mzuri. Aliyeuandika alikuwa anawajua watoto. Balaa ni kwamba karatasi haifundishi. Ilibidi ipite ofisi hadi ofisi mpaka ifike darasani, na kila ofisi iliyopita iliing'ata kipande.

Baruti alikuwa na sababu yake ya kufurahi. Yeye alisoma enzi za vidole midomoni. Mwalimu anaingia, anapaza sauti, "Vidole!" na darasa zima linaweka kidole cha shahada juu ya midomo, linanyamaza hivyo mpaka mkono unakufa ganzi. Alipoacha shule hakuweza kuomba hata maji dukani bila kutokwa jasho. Alijifunza kazi kwa mchoraji mmoja mzee, na kazi yake ya kwanza ya maana, utadhani ni dhihaka, ilikuwa kuandika KIMYA. Akaandika KIMYA hospitalini, KIMYA maktaba, KIMYA mahakamani. Mji ule ukimya wake nusu ulikuwa kazi ya mkono wake. Alipozaliwa mtoto asiyenyamaza, aliapa kwamba huyu hatanyamazishwa na mtu.

Haikupita muda, mwalimu mkuu wa shule ya Kasuku akamwita. Alikuwa mtu mnene wa sauti nene, aliyetembea na rundo la funguo kiunoni likimtangulia kwa kelele. Wizara inakuja Alhamisi kutazama mpango unavyokwenda, akasema, na shule zitapangwa kwa alama, ya kwanza mpaka ya mkia. Ukuta wa mbele ulikuwa na maandishi makubwa meusi: KIMYA NI NIDHAMU. Baruti aliyajua vizuri. Aliyaandika yeye.

"Nataka ufute hayo, uandike MTOTO AONGEE. Bluu. Herufi kubwakubwa, mgeni azione tangu getini."

Baruti akapitisha kiganja ukutani. "Mwalimu mkuu, hii ni rangi ya mafuta. Ukipaka chokaa juu yake hivihivi, baada ya wiki itarudi. Lazima nikwangue kwanza, nipake ya kuzuia, ikauke, ndiyo..."

"Itarudi lini?"

"Wiki. Mbili zikizidi."

"Wageni wanaondoka Alhamisi jioni," alisema mwalimu mkuu, akageuka na funguo zake.

Baruti aliuma meno. Hakuna kitu kilichomchefua kama kazi ya kuzuga. Lakini Kasuku alikuwa anasoma pale, na alitaka kuliandika neno lile yeye mwenyewe, kwa mkono uleule ulioandika la kwanza. Akaegemeza ngazi, akapiga chokaa, akavuta mistari kwa uzi, akaanza.

Dirisha la darasa la pili lilikuwa mkono wake wa kulia, halina kioo. Siku ya kwanza alitega sikio huko kwa hamu. Alisikia mwalimu wa darasa, binti bado mdogo, sauti imemkauka kwa kupiga kelele juu ya watoto themanini, akisema, "Haya, kipindi cha kuongea. Kaeni kimya." Baruti akatabasamu peke yake juu ya ngazi. Kisha watoto wakaanza kuitwa mmoja mmoja.

Wa kwanza alisema: Siku niliyotembelea bustani ya wanyama. Ilikuwa siku ya Jumamosi. Mjomba wangu alinipeleka bustani ya wanyama. Tulimwona simba. Simba alipiga miayo. Nilifurahi sana.

Wa pili akasema hivyohivyo. Wa tatu alisahau mjomba, akarudishwa mwanzo.

Brashi ya Baruti ilisimama. Katika mji ule hapakuwa na bustani ya wanyama. Simba aliyekuwepo alikuwa kwenye pakiti za kiberiti. Mwalimu mkuu ndiye aliyeitunga hadithi ile, akaisambaza madarasa yote ya chini ili kusiwe na mtoto wa kuitia shule aibu, na walimu wakaipigisha kwaya kila asubuhi. Kipindi cha mtoto kusema lake kikawa cha themanini kusema la mtu mmoja.

Ikafika zamu ya Kasuku. Baruti aliijua sauti ile hata usingizini.

"Mimi nitasimulia paka aliyekanyaga rangi ya baba yangu. Baba alikuwa amelaza bango uani, halafu huyo paka, mnene hivi..."

Darasa lilianza kucheka. Cheko la watoto themanini si mchezo, lilitoka dirishani kama maji.

"Siyo hiyo!" alisema mwalimu. "Bustani ya wanyama."

"Mwalimu, mimi sijaenda bustani ya wanyama."

"Hakuna aliyekuuliza umeenda. Sema."

"Lakini paka ni kweli, Mwalimu. Muulize baba, yuko hapo nje."

Darasa likapasuka tena. Na mwalimu, aliyekuwa na watoto themanini, na Alhamisi inakuja, na mwalimu mkuu anapita kwenye korido funguo zikilia, alifanya alichofanyiwa yeye alipokuwa mdogo.

"Njoo hapa mbele. Kidole mdomoni. Simama hivyo mpaka kengele."

Baruti aliteremka ngazi bila kuhesabu vidato. Alimkuta mtoto wake amesimama mbele ya ubao, kidole mdomoni, macho yamejaa.

"Mtoe kidole!"

Mwalimu alishtuka akaangusha chaki. "Baba Kasuku, tafadhali, niko kipindi..."

"Kipindi gani? Nimeandika hapo nje MTOTO AONGEE, rangi haijakauka, na wewe humu ndani unawaziba midomo! Huyo simba nani kamwona? Nyoosheni mikono! Nani kamwona simba?"

Hakuna mkono ulionyooka. Watoto themanini walikuwa wamekaa wima kama misumari, na kila mmoja kidole kilikuwa juu ya midomo. Hakuna aliyewaagiza. Waliona mtu mzima amekasirika, vidole vikaenda vyenyewe.

Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Unadhani mimi naipenda hiyo hadithi? Nimeambiwa darasa langu likikosea napelekwa shule ya huko mwisho wa barabara, na nina mtoto ananyonya. Nifanye nini, kaka yangu? Niambie wewe."

Funguo zikasikika mlangoni.

"Fundi," alisema mwalimu mkuu, "wewe umeitwa kupaka ukuta. Darasa lina mwenyewe. Ukiendelea hivi, huyu binti yako Alhamisi abaki nyumbani, na hapo tutakuwa hatujagombana."

Jioni ile mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, mguu kwenye kanyagio la cherehani, kisha akakata uzi kwa meno.

"Umefoka, wamekuogopa, umerudi. Na yeye kesho anarudi kwa nani? Si kwa mwalimu yuleyule?"

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Sikusema unyamaze. Nimesema usimharibie mtoto."

Baruti alitoka uani kusafisha brashi, akizisugua kama zimemkosea. Watu wale walichukua kitu kizuri, wakakigeuza kikawa kilekile cha zamani kilichovalishwa nguo mpya. Na yeye ndiye aliyewashonea hiyo nguo, kwa herufi za bluu.

Na Kasuku? Kasuku alikula, akaoga, akajibu alichoulizwa. Hakumwigiza mtu. Siku zilizofuata Baruti alimkuta mara mbili amekaa nyuma ya nyumba peke yake, midomo inacheza bila sauti. Alipomuuliza anafanya nini, alisema, "Hamna, Baba." Mara moja tu aliuliza jambo: simba akipiga miayo, anafumba macho au anaacha wazi?

"Achana na simba wao," Baruti alisema. "Wewe una paka."

Alhamisi ilipofika wazazi walijaa uani mwa shule, kwenye viti vya kuazima. Ukuta ulimeremeta. Mgeni wa wizara alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na tabasamu la mtu aliyeshapita shule nyingi wiki ile. Alisema maneno mazuri. Alisema taifa haliwezi kujengwa na watu wanaoogopa sauti zao. Baruti alipiga makofi mpaka mkewe akamgusa goti.

Kisha wakaletwa watoto kumi waliochaguliwa. Wa kwanza alitembelea bustani ya wanyama Jumamosi na mjomba wake. Wa pili naye. Ilipofika wa nne, mzazi mmoja nyuma alinong'ona, "Huyo mjomba ana basi nini?" na safu nzima ikaficha nyuso mikononi. Wa saba alisema simba alifurahi sana na yeye akapiga miayo. Mwalimu mkuu aliongoza makofi. Mgeni aliitikia kwa kichwa kwa kila mmoja, tabasamu lake halikupanda wala kushuka, akaandika alama. Mtu mwenye masikio mawili angeuliza. Hakuuliza! Watoto kumi walisimama mbele yake na maisha ya mtu mmoja, naye akaona sawa, kwa sababu walisimama wima na sauti zilifika nyuma. Alikuwa amekuja kupima kuongea, akapima makelele.

"Hongereni sana," alisema. "Kuna mtoto mwingine ambaye angependa kusema?"

Hilo lilikuwa swali la adabu tu, la kufungia shughuli. Lakini Baruti alishasimama.

"Yupo!"

"Baba Kasuku," mkewe alimvuta shati.

"Yupo, mheshimiwa. Darasa la pili. Ana hadithi yake mwenyewe. Iliyomtokea yeye. Si mmesema mnataka hiyo?"

Mwalimu mkuu alimtazama kwa jicho ambalo lingeweza kukausha rangi. Lakini mgeni alishasema, "Karibu mwanangu, njoo," na Kasuku alikuwa anainuka mkekani.

Baruti alimtazama akipita katikati ya wenzake, sare imenyooshwa, soksi moja imeshuka. Akajisemea, sasa watasikia. Sasa paka anaingia. Alishaanza kucheka kabla, akaangaza huku na huku aone nyuso za watu zitakavyokuwa kandambili ikiruka.

Kasuku alisimama mbele ya mgeni. Akaweka mikono nyuma. Akainua kidevu.

"Siku niliyotembelea bustani ya wanyama," alisema. "Ilikuwa siku ya Jumamosi. Mjomba wangu alinipeleka bustani ya wanyama. Tulimwona simba. Simba alipiga miayo. Nilifurahi sana."

Hakukosea hata neno. Kati ya wote kumi na mmoja, yeye ndiye aliyesema vizuri kuliko wote. Uwanja ulilipuka kwa makofi. Mwalimu wa darasa la pili aliinamisha kichwa akawa anajifuta macho, na hakuna aliyejua kama ni kwa furaha. Mgeni alimpa Kasuku kikombe cha plastiki kilichoandikwa jina la mpango, akamwambia baba yake ajivunie, binti ana kipaji.

Mama alibaki kusaidia kurudisha viti, Baruti akatangulia nyumbani na mtoto. Walitembea mpaka walipolifikia duka la dawa. Bango lilikuwa juu pale, nyayo nyekundu zimekatiza herufi zote, na watu wawili walikuwa wamesimama wanaliangalia.

"Baba, nimesema vizuri?"

"Umesema vizuri."

"Sikusahau mjomba."

"Hukumsahau." Baruti aliingiza mikono mifukoni kwa hasira. Hasira na mwalimu mkuu, na yule mama wa miwani, na simba wao, na ukuta. "Kwa nini hukusema ya paka?"

Kasuku aligeuza kikombe chake, akachungulia ndani. "Ile si ya shuleni, Baba."

"Haya, hapa si shuleni. Nisimulie mimi."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Paka yuleyule, bango lile pale. Anza."

Basi Kasuku alisimama kando ya barabara. Akaweka kikombe chini. Akapeleka mikono nyuma, akainua kidevu, akamtazama baba yake kama asiyemjua.

"Siku niliyomwona paka," alisema. "Ilikuwa siku ya Jumamosi. Paka alikanyaga rangi. Baba yangu alimwona paka. Nilifuraha... nilifurahi sana."

"Siyo hivyo!" Baruti alinguruma.

Ilikuwa sauti ileile ya kila siku, ya nani kagusa brashi yangu. Alimsubiri akunje uso, aweke mikono kiunoni, amrudishie. Watu waliokuwa wanatazama bango waligeuka.

Kasuku alinyoosha mgongo, akaweka kidole mdomoni.

"Kasuku," alisema Baruti, sauti imemshuka yote. "Mwanangu. Mimi ni baba yako."

Mtoto aliitikia kwa kichwa kwamba anajua, na hakukitoa kidole.